Glasi ya Kila Saa

Fundi, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa ushonaji wake, hakuwa na raha tangu nesi alipofungua kipimo cha presha mkononi mwa mumewe, Mwalimu, na kutikisa kichwa. Miezi mitatu chumvi haijaingia jikoni kwao, na presha ya Mwalimu inapanda tu.

"Huyu anakula chumvi mahali, mama," nesi alimwambia. "Akiendelea hivi atapooza. Chumvi marufuku, na maji anywe kwa wingi."

Basi Fundi akageuka askari. Akishona mstari mmoja anainuka kwenda kuchungulia. Alipekua makoti, akainua godoro, akafungua hata sanduku la vitabu ambalo Mwalimu alistaafu nalo. Hakuambulia kitu. Kila saa alimsimamia na glasi ya maji ya kisima chao, kisha akarudi kwenye cherehani roho juu.

"Nimestaafu ualimu ili niwe mwanafunzi wako?" Mwalimu alilalamika.

"Kunywa."

Asubuhi moja aliona ua lake la dirishani, kando ya kiti cha Mwalimu, limeungua majani kingo zote. Juu ya udongo wa chungu palikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa, akalamba kidole. Chumvi!

"Kumbe unaficha kwenye ua langu!" Machozi yalimtoka papo hapo. "Uniache mjane kwa ajili ya ulimi wako?"

Mwalimu alikodoa macho, kisha akainamisha kichwa.

"Sijaficha chumvi, mke wangu. Namwaga maji. Ukinipa kisogo tu, namimina hapo. Tumbo nalo lina mwisho."

"Maji gani?"

"Si haya haya unayoniletea?"

Fundi akayaonja. Hakusikia chochote, maji ni yale yale ya siku zote. Hata hivyo hakutulia. Akayamimina kwenye sufuria, akayachemsha mpaka yakakauka. Chini pakabaki utando mweupe. Akaukwangua, akauweka ulimini. Chumvi tupu.

Akakumbuka sabuni isiyotoa povu, ambayo alimgombeza mwenye duka kwa ajili yake. Akakumbuka majengo marefu ya ufukweni, jirani na mtaa wao, na pampu zake zinazonguruma mchana kutwa. Wenye majengo walivuta maji matamu ya ardhini, na bahari ikaja chini kwa chini kujaza nafasi yake. Ilikuja kidogo kidogo, na ndimi za nyumba nzima zikazoea bila habari.

Akarudi dirishani na sufuria mkononi. Akamwonyesha utando mweupe uliobaki.

"Kwa siku ulikuwa unamwaga glasi ngapi?"

"Moja. Siku nyingine mbili, mteja akikuita nje."

"Na zilizobaki?"

Mwalimu alimtazama kwa huruma, maana alikwisha kuelewa.

"Zilizobaki ulinisimamia, mke wangu. Nilizinywa zote."