Kura Mbili za Landry Pettus

Pale Chuo cha Tallow Creek, Mississippi, kocha hachagui nahodha. Ikifika Agosti, mazoezi ya asubuhi na jioni yakishawatoa watu roho, timu nzima ya futiboli ya Kimarekani hukaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mmoja mmoja huchana kipande cha plasta, ileile ya kufungia vifundo vya miguu, akaandika jina na kukibandika ubaoni, wenzake wamefumba macho. Kura zikilingana, wote wawili wanakuwa manahodha. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayebisha.

Landry Pettus alikuwa mwaka wa mwisho. Jitu la mstari wa mbele, kazi yake kuzuia watu na kukanyagwa. Bibi yake alishatangaza kanisani kwamba msimu huu mjukuu wake ndiye nahodha. Landry, badala ya kumwambia bibi asubiri kwanza, akanyamaza. Ilimpendeza kusikia.

Asubuhi ya kura alikaa kula mayai na Odell Gaskin, mwenzake wa mstarini na wa chumba kimoja tangu waingie chuo.

"Mimi nakupa wewe, mzee," Odell akasema. "Na wewe unampa nani?"

"We naye! Nimpe nani kama si wewe?"

Akala kiapo na mdomo umejaa mayai. Zamu yake ilipofika, akasimama mbele ya ubao, akaandika Pettus. Msiniambie shetani alimshika mkono. Tamaa tu, basi.

Kocha Hargett akasoma kura. Tripp Mabry, yule mrusha pasi, akashinda. Odell akapitwa kwa kura moja. Landry akapata mbili.

"Mbili!" mtu akapayuka kutoka nyuma. "Moja ya Odell, nyingine kajipigia mwenyewe!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Landry naye akacheka. Odell akasimama.

"Koma, wewe! Huyu kaniahidi mimi. Landry, hebu waambie ulimpa nani."

"Nilimpa Odell," Landry akasema.

"Mmesikia, wambea nyie? Basi humu kuna muungwana mwingine aliyemkubali ndugu yangu. Jitokeze, bwana, leo kambare wa kukaanga ni juu yangu!"

Hakutokea mtu. Odell akaanza kuzunguka, anapiga watu mabega. Ni wewe, Cletus? Wewe, Boyd? Kila aliyeulizwa akatikisa kichwa. Kicheko kikafifia, watu wakaanza kumtazama Landry, na Odell akawa wa mwisho kugeuka. Ee Mungu wangu, aibu gani hii! Landry alitamani ardhi ipasuke immeze na viatu vyake.

"Ile nyingine ni yangu," akasema, macho sakafuni. "Kocha, kura yangu ilikuwa iwe ya Odell. Mhesabie yeye."

Kocha akanyosha kidole ubaoni.

"Haiwezekani, Pettus. Iliyobandikwa imebandikwa. Gaskin, pole sana, kijana wangu."

Hakuna aliyezomea, na hilo lilimuuma Landry kuliko kuzomewa. Watu wakachukua kofia zao ngumu wakatoka kimya kimya. Odell akabaki anafunga kamba za viatu, taratibu, kama mtu asiyejua fundo.

"Ulikuwa unautaka unahodha?" akauliza.

"Nilikuwa nautaka."

"Si ungesema tu! Jana nilizunguka vyumba vyote nakuombea kura. Wakaniambia, Odell, tuache, sisi tunakutaka wewe. Nikaona vibaya kukwambia. Nikasema utaumia."

Odell akainuka, akavaa kofia yake, akaenda uwanjani. Jioni walijipanga mstarini kama kawaida, bega kwa bega, na Landry alipomwomba maji, Odell alimpasia chupa bila kumtazama.