Bandeji ya Goti Lisilouma

Uliona. Usiniambie ulikuwa umeinama kufunga kamba ya kiatu. Taa zilikuwa zinawaka uwanja mzima, na yule binti alipoanguka ukageuza uso, ukatoa simu, ukamuuliza jirani yako matokeo ya mechi nyingine. Ulifanya hivyohivyo mjomba wake alipoanguka palepale, chini ya kikapu kilekile. Kama si wewe, alikuwa baba yako. Basi leo kaa usikilize, na simu iweke mfukoni.

Mjomba mtu walimwita Ngazi. Mrefu alikuwa kweli, lakini wachezaji wenzake walikuwa na maelezo yao: "Ngazi ni ya kupandia watu wengine." Wakacheka, naye akacheka, maana siku hizo alikuwa bado na magoti mawili. Klabu ilimtoa kwenye machimbo ya mawe akipakia kokoto, ikamvisha jezi, ikamwita fahari ya mji. Goti lilipoanza kulalamika hakuna aliyelipumzisha. Kila mechi kubwa ikikaribia, daktari wa timu alimchoma sindano ya ganzi, akampiga kofi la mgongo: "Jikaze, baba, watu wanakusubiri."

Sindano ile haiponyi goti. Inaliziba mdomo tu. Goti likasagika kimyakimya hadi siku lilipokatika mbele ya umati, na nyimbo hazikukatika. Kabla machela haijafika mlangoni, jukwaa lilikuwa tayari linaliita jina la aliyeingia badala yake.

Tangu hapo mguu ule haukukunjika tena. Nyumbani aliteremka ngazi kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutambaa. Klabu ikampa ukocha, ikapiga na picha za hisani yake. Kwenye benchi alikaa mguu umenyooka mbele, marefa wakauruka kama watu wanaovuka mfereji. Ukamwona kila Jumamosi ukasema, "Mzee yule ana visa!" Hukuuliza visa vilianzia wapi.

Kocha mzuri alikuwa, tena wa wanawake, timu ambayo hakuna aliyeitaka. Akaiinua. Nguzo ya timu ilikuwa binti wa dada yake, msichana wa mabega mapana aliyedaka mipira ubaoni kwa namna ambayo wenzake walimwita Kipanga. Uwanjani alimwita Kocha. Wakiwa wawili tu, Mjomba.

Ngazi alimfundisha kila alichokijua, pamoja na hila moja ya wachezaji wakongwe. Goti la kushoto likiuma, funga bandeji la kulia. Wapinzani wakiiona bandeji wataligonga lile, watalisukuma, watalikalia, na goti bovu litapumua. "Mwache adui ahangaike na mlango usio na kitu ndani," alimwambia. Kipanga aliipenda hila ile mpaka ikawa mchezo wake.

Wiki ya fainali goti la kushoto likavimba. Ngazi akaenda kwa dada yake, fundi cherehani, akamkuta anapiga pindo jezi za timu hiyohiyo. Hakuinua kichwa.

"Kaka, miguu yako waliila mimi nikiangalia. Nilikuwa mdogo, sikuwa na la kusema. Ya mwanangu wasiiguse."

"Hachomwi mtu."

"Sema tena, maana wewe ukipigiwa makofi unakuwa kiziwi."

"Dada, sindano haitaligusa goti lile. Na kama hawezi, namkalisha."

Ndipo alipoinua kichwa. "Haya. Nimekukabidhi."

Siku ya fainali Mwenyekiti wa klabu aliingia chumba cha kubadilishia nguo bila kubisha hodi, manukato yakitangulia. Nyuma yake alikuja daktari mpya na mkoba wake.

"Kocha, njoo mara moja hapa nje."

Kwenye korido Mwenyekiti alimshika bega kama ndugu. "Wageni wangu wamejaa jukwaani. Wamekuja kumwona Kipanga, si kuja kukuona wewe umenyoosha mguu. Akikaa yeye benchi, wewe kaa nyumbani. Nimeeleweka?"

"Hachomwi," Ngazi alisema.

"Nani kakuuliza?"

Walibishana, tena kwa sauti, na Ngazi kwa mara ya kwanza maishani alimwambia mtu yule maneno aliyokuwa ameyameza tangu ujana. Alijisikia mrefu kweli. Hakujua kwamba alikuwa ametolewa nje ili abishane. Aliporudi ndani daktari alikuwa anafunga mkoba, kazi imekwisha.

Kipanga alimfuata hadi ukingoni mwa uwanja, uso unang'aa kwa ujanja.

"Mjomba, usinune. Nimemwingiza daktari mjini!"

"Umefanya nini?"

"Alisema lazima. Nikamnyooshea la kulia, lenye bandeji, akachoma hilohilo. Hata hakuuliza! Goti bovu halijaguswa. Mama ataona neno ulilompa halijavunjika, na wao wamefurahi." Akacheka. "Si wewe uliyenifundisha? Mlango usio na kitu ndani."

Filimbi ikalia, akaruka kuingia.

Ngazi alirudi kukaa benchi. Hila ile ilikuwa ya kumdanganya mpinzani, si mtu mwenye sindano. Sasa binti alikuwa na goti moja linalouma na jingine lisilojua kama limekanyaga sakafu au godoro. Atakwepa la kushoto, uzito wote ataumwaga kwenye mguu wa kulia, na wa kulia hautamwambia kitu. Ngazi aliujua mguu wa namna hiyo. Alikuwa anao, umenyooka mbele yake.

Ilitosha asimame, ainyanyulie meza ya waamuzi mikono, aombe mbadala. Mikono ilianza kupanda.

Kipanga akadaka mpira wa kwanza. Akadaka wa pili juu ya vichwa vya watu, akafunga. Na wewe, wewe ndugu yangu, ukaanza: "Ki-pa-nga! Ki-pa-nga!" Jukwaa likatetemeka. Ngazi alikuwa hajausikia wimbo kama ule tangu ulipokuwa wake. Mikono ikarudi mapajani. Akajisemea, acha robo hii iishe. Ikaisha. Akajisemea, hadi mapumziko. Mapumziko Kipanga alikunywa maji akasema, "Mjomba, huu mguu kama nimeuazima," wenzake wakaangua kicheko. Ngazi hakucheka. Lakini hakumkalisha.

Robo ya mwisho aliruka kudaka mpira. Mkono ulikuwa sahihi, mabega sahihi. Akatua kwa mguu wa kulia, unyayo ukiwa umegeukia pembeni, naye asijue. Mwili ukaenda upande wake, goti upande wake. Ngazi aliusikia mlio. Wachezaji wote waliusikia. Wewe ulisikia wimbo wako.

Hakulia. Hilo ndilo baya zaidi. Alikaa sakafuni akilitazama goti lililoelekea kusikostahili, akasema kwa mshangao, "Mbona haliumi?"

Hospitalini dada alikuja na pini za kushonea bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya kaka yake aliyekaa kwenye korido.

"Ulijua?"

"Niliambiwa kabla ya filimbi."

"Ulikuwa umekaa mbali?"

"Karibu."

"Karibu vipi?"

Ngazi alitazama viatu vyake. "Alikuwa anapita hapa. Ningenyoosha mkono ningemshika."

Dada alikaa chini ukutani, polepole, kama mtu anayeweka mzigo. Kutoka chumbani binti alikuwa anaita "Mjomba," ganzi sasa imeisha. Dada akamzuia kaka yake kwa kiganja, akaenda mwenyewe.

Mbadala wa Kipanga amekwisha kuchaguliwa, msichana wa timu ya pili, mwenye kifundo cha mguu kilichovimba. Daktari ni yuleyule. Mwenyekiti ametoa pole kwenye redio, akaomba mashabiki wajitokeze kwa wingi. Mechi ni leo.

Na Ngazi? Hakusubiri wamfukuze. Tangu asubuhi amekaa sakafuni kwenye kizingiti cha chumba cha kubadilishia nguo, mgongo kwenye fremu ya mlango, mguu usiokunjika ameulaza kuziba njia. Yule msichana yuko ndani. Daktari amefika na mkoba, amesimama. Walinzi wamemwambia, "Mzee, toka." Amejibu, "Nivukeni kama mnavyovuka siku zote, mwone."

Wanakwenda kuitana. Watarudi wengi, watambeba kama gunia.

Mlango ule ni mpana, na mguu ni mmoja. Wewe unao miwili, tena mizima. Tiketi unayo mkononi. Usiende jukwaani. Pita korido ya kushoto, kaa chini kando yake, nyoosha miguu. Sogea. Sasa hivi, kabla hawajarudi.