Pombe ya Mama Bwana Shamba

Tangu habari ifike Sepuka kwamba Damiani ameteuliwa kuwa Bwana Shamba wa tarafa, mama yake Magdalena alikuwa hashikiki. Alikwenda kisimani kifua mbele, na maji yalikuwa kisingizio tu. Alichofuata kule ni kuitwa Mama Bwana Shamba. Ukimwita Magdalena, au hata Mama Damiani kama zamani, aligeuka kiziwi hapohapo. Na kwa nini asiringe? Mjane amemsomesha mwanawe kwa mtama na mbuzi, leo serikali yenyewe inamkabidhi kijana huyo mashamba ya watu. Mwacheni aringe.

Mtu mmoja tu alimnyima jina hilo. Lazaro, mwenyekiti wa kijiji, alimwamkia kila siku kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo: "Habari za asubuhi, Mama Kampuni!"

Lilimchoma kwa sababu halikuwa la uongo mtupu. Kabla ya kuchukuliwa na serikali, Damiani alifanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya nyonyo, zile mbegu za mafuta, kule upande wa reli. Na sasa kampuni hiyohiyo ilikuwa inaitolea macho mbuga ya Sepuka, bonde la udongo mweusi ambako ng'ombe wa kijiji kizima hula nyasi wakati wa kiangazi. Ilitaka wanakijiji wailime yote iwe nyonyo tupu, wao watoe mikono, yenyewe itoe mbegu na kununua mazao. Mkuu wa wilaya alikuwa amesema atafuata ushauri wa Bwana Shamba.

"Azimio la Arusha limetangazwa juzi tu, na kampuni imekwisha kutuletea mtu wake amevaa shati la serikali," Lazaro alisema mbele ya watu. "Siku ya mkutano wa kumpokea tutamwangalia. Tukisikia harufu ya kampuni, tunamkataa hadharani, arudi alikotoka."

Mwanawe akataliwe hadharani, Sepuka, alikozaliwa! Magdalena alipoteza usingizi. Aliona dawa ni moja, mapokezi ambayo hakuna mtu angeyasahau. Lakini mavuno yalikuwa haba, na mtama uliobaki kwenye kilindo chake ulikuwa wa kumfikisha msimu ujao, basi.

Hapo ndipo alipotokea Nathanaeli, wakala wa kampuni, na lori lenye magunia ya mtama.

"Shikamoo, mama. Mtoto wako atapokewa kwa maji matupu kweli?" alisema kwa upole. "Chukua huu, upike pombe. Ni zawadi tu."

Mwanamke mwenye akili zake timamu angejiuliza. Nathanaeli alikuwa mzaliwa wa Ihanja, kijiji jirani, si mgeni wa desturi. Lakini kiburi kilikuwa kimemziba Magdalena masikio. Aliloweka mtama, akauotesha, akausaga, akapika, na mitungi ikajipanga ukutani ikitoa povu. Kila aliyepita alimeza mate. Yeye aliona ni pombe yake, maana mikono iliyoipika ilikuwa yake.

Siku ya mkutano watu walijaa uwanja wa shule. Mitungi ilikaa katikati, na Damiani alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi, akiwaamkia wazee mmoja mmoja. Watu walikuwa wameanza kuzisogelea kata za kunywea, Nathanaeli akainuka akitabasamu.

"Kunyweni, ndugu zangu. Habari ya kazi tutaongea baadaye."

Lazaro alirudisha kata yake chini taratibu.

"Mtama wa pombe hii umetoka wapi?"

Kata nyingine nazo zikarudi chini. Hapakuwa na mtu asiyelijua jambo hilo tangu anyonye. Pombe ya kulimia haiwi ya mpishi, huwa ya mwenye mtama. Ukiinywa, kesho yake unabeba jembe na kwenda anakokuonyesha mwenye mtama, na usipokwenda, jina lako litasemwa mpaka kwa wajukuu. Kijiji kizima kilikuwa karibu kunywa mbuga yake chenyewe.

Damiani alimtazama mama yake, na macho yake yalionyesha wazi kwamba hakuwa na habari. Magdalena angeweza kusema mtama ni wake. Watu wangekunywa, mwanawe angeshangiliwa, na Nathanaeli angekuja kudai mikono yao kesho.

Alisimama.

"Mtama ni wa kampuni," alisema. "Niliupokea mimi, kwa tamaa ya sifa. Mwanangu hakujua. Mkitaka kumkataa mtu, nikataeni mimi."

Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele, lakini hakuinamisha kichwa. Lazaro alimgeukia Damiani.

"Na wewe, kijana? Ya kampuni umekunywa miaka mingapi?"

"Nimekunywa, baba, sikatai," alisema Damiani. "Na nimelima. Kila kata niliyokunywa kwao niliilipa kwa jasho, na siku niliyoondoka hatukuwa tunadaiana. Nyonyo si adui. Mama Theresia pale ameezeka bati kwa nyonyo, na anayetaka apande kwenye mipaka ya shamba lake, nitamsaidia. Lakini mbuga ni ya ng'ombe. Tukiilima, ng'ombe wataondoka, na samadi itaondoka nao. Sepuka bila samadi mtavuna nini? Hivyo ndivyo nitakavyomwambia mkuu wa wilaya, na Nathanaeli akawaambie wakubwa wake."

Watu walipiga makofi. Nathanaeli alingoja yatulie.

"Maneno mazuri," alisema. "Lakini mtama wetu umekwisha pikwa. Tunamdai nani?"

"Mimi," alisema Magdalena. "Ningoje."

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja tu. Alikwenda na wanawake wenzake, akafunua kilindo, akaanza kuchota. Damiani alimfuata amzuie. Alitupiwa jicho moja, akarudi nyuma kama mtoto wa darasa la kwanza. Walichota mpaka Magdalena akaingiza mkono wote na kukombeleza punje za chini kwa kiganja. Magunia ya kampuni yalijaa tena, yakafungwa mbele ya macho ya watu, yakarudi kwenye lori.

Hapo Lazaro aliokota kata yake.

"Sasa pombe hii ya nani?"

"Yangu!"

"Na kazi iko wapi?"

"Shamba la ujamaa. Kesho alfajiri. Na asiyefika, nitamtaja jina mpaka kaburini!"

Kicheko kililipuka uwanja mzima. Lazaro alikuwa wa kwanza kuchota. Damiani alipofikiwa, mama yake alimjazia kata pomoni. Jioni Mama Theresia alifika na kikapu cha uwele kichwani, akasema kimemzidi nafasi nyumbani, na nyuma yake walikuja wengine ambao nao, ajabu, walikuwa na matatizo yaleyale ya nafasi.

Kulipopambazuka shamba la ujamaa halikuwa na pa kutia mguu. Damiani alilima, mapaja ya suruali yamejaa vumbi, bega kwa bega na Lazaro, wakibishana kuhusu nafasi ya mistari na hakuna aliyekubali kushindwa. Magdalena alikaa kwenye tuta na mtungi wa maji. Kilindo chake kilikuwa kitupu, na hakuwahi kujiona tajiri kiasi kile.

Jua lilipopanda Lazaro alisimama, akafuta jasho, akapaza sauti.

"Mama Bwana Shamba! Tuletee maji!"

Magdalena alisikia vizuri sana. Alitazama upande mwingine, akajipangusa magoti, akangoja aitwe tena.