Goli la Mia la Dale Scarfe

Ukiwauliza watu wa Dunmurra siku ile walikuwa wapi, kila mmoja atakwambia alibaki ndani ya gari lake. Waongo wakubwa. Niliwaona kwa macho yangu wakiruka uzio, na wa kwanza alikuwa mume wangu Ron, mtu ambaye nyumbani hawezi hata kuinama kufunga kamba za viatu vyake.

Lakini nianze na Lindsay Trewin, kwa sababu hakuna anayeanzaga naye. Mpira wetu ni ule wa Kiaustralia, unaochezwa kwa mikono na miguu, na Lindsay alikuwa beki wetu wa mwisho, yule anayesimama karibu kabisa na milingoti yetu ya goli na kukabana na mfungaji wa wenzetu. Aliingia hapo akiwa hana ndevu, na bado yupo hapo kipara kimeshafika utosini. Sikumbuki Jumamosi aliyokosa. Alicheza na mafua, alicheza msimu wa kuvuna ngano wakati wenzake wanatoa visingizio, alicheza siku moja baada ya kumzika baba yake. Kazi yake yote ilikuwa kuruka nyuma ya mtu na kuupiga mpira ngumi uende zake. Basi.

Na hiyo haina sifa. Sisi huegesha magari kuuzunguka uwanja mzima, pua zikitazama nyasi, na timu yetu ikifunga goli watu wanapiga honi mpaka mbwa wanalia. Mtu akizuia goli hakuna honi. Watu wanaendelea kula pai zao za nyama.

Wenye macho tulikuwa wawili, mimi na mzee Pfitzner mwokaji mikate. Kila Jumamosi alikuja na kiti chake cha kukunja, akakiweka kando ya pikapu yangu, nyuma ya milingoti ya upande wa matangi ya nafaka.

"Umeuona ule mkono, Noreen?" alikuwa akisema.

"Nimeuona, mzee."

"Wengine wameuona?"

"Wanakula."

Hivyo ndivyo tulivyomshangilia Lindsay miaka yote, wawili tu, kwa sauti ya chini.

Sasa, mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Tarrawill. Tukishinda tunaingia fainali, tukishindwa tunarudi nyumbani kunoa mashine za kukata manyoya ya kondoo. Na Tarrawill walikuwa na Dale Scarfe, fowadi mwenye nywele ndefu na mdomo mrefu zaidi, aliyekuwa amefunga magoli tisini na sita msimu ule. Alibakiza manne kufika mia.

Fowadi akifunga goli la mia katika msimu mmoja, watu huvamia uwanja. Ndiyo desturi. Hakuna anayezuia, na marefa wenyewe husimamisha mchezo, wakangoja watoto na wazee wamzunguke mwenye goli, wamguse, wambebe. Kwenye uwanja wa Dunmurra jambo hilo lilikuwa halijatokea hata mara moja. Kwa hiyo wiki nzima mji mzima haukuzungumzia fainali, ulizungumzia mia. Mia ya adui! Duka la nyama, posta, kanisani, kote ni Scarfe, Scarfe. Nilitaka kutapika.

Alhamisi, baada ya mazoezi, wachezaji walikuwa wanakula kwenye ukumbi wa klabu na mimi ndiye niliyekuwa napakua. Kocha wetu, Gavin Moyle, kijana tuliyemleta kutoka mjini, alisimama kusoma majina ya timu. Alipofika kwa Lindsay akatua.

"Trewin," akasema mbele ya watu wote, "nakupa Jumamosi hii tu. Scarfe akifikisha mia mikononi mwako, hiyo ndiyo mechi yako ya mwisho timu ya kwanza. Nina dogo ana miaka kumi na tisa, anaruka hadi darini. Tumeelewana?"

Mimi mwiko ulinidondoka ndani ya sufuria. Miaka yote ile, halafu anaambiwa hivyo na mtu ambaye hata njia ya kwenda chooni kwetu bado anaiuliza!

"Sawa, kocha," Lindsay akasema. Kisha akanigeukia. "Noreen, viazi vimebaki?"

"We Gavin," nikasema, "unajua unaongea na nani?"

"Mama, wewe pakua chakula."

Nikampakulia. Nikampa kipande cha nyama kilichoungua chini, na mchuzi sikumwekea.

Jumamosi magari yalijaa hadi barabarani. Watoto walikuwa wamejipanga kwenye uzio tangu asubuhi, na mechi haikuwa hata imeanza. Upepo ulikuwa mkali, unavuma kutoka kwenye matangi kuelekea upande wa pili.

Lindsay alicheza kama anavyocheza siku zote. Scarfe akiruka, ngumi ya Lindsay imeshafika. Scarfe akikimbia, Lindsay yuko begani kwake. Lakini yule naye ni mfungaji, tusimnyime haki yake, na hadi robo ya mwisho ya mchezo alikuwa amepata matatu. Tisini na tisa. Sisi tulikuwa mbele kwa pointi nne, na goli moja ni pointi sita.

Na hapo ndipo niliposikia kitu kilichonitia baridi. Mpira ulipigwa juu kwa Scarfe, Lindsay akaufikia kwa ncha za vidole akautoa nje, na watu wetu, watu wetu wenyewe waliovaa skafu zetu, wakaguna. "Aaaah!" Uwanja mzima. Walikuwa wanamlaumu kwa kuzuia!

"Si amwachie tu moja," Ron akasema pembeni yangu.

Nikamgeukia. "Umesema nini?"

"Nasema moja tu, mke wangu."

"Ron, wewe unashabikia nani?"

"Dunmurra. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Lakini mia, Noreen! Utaiona wapi tena?"

"Akipata hiyo mia tumefungwa, na Lindsay kaachishwa timu. Hivyo unajua au hujui?"

"Najua," akasema, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Alikuwa ameshafungua mlango wa pikapu.

Mzee Pfitzner alitikisa kichwa tu.

Muda ulikuwa umebaki kidogo sana, kiasi gani hakuna aliyejua isipokuwa mtunza saa kwenye kibanda chake. Mpira ukaja mrefu upande wetu. Beki mwingine wa kwetu, kichwa maji mmoja, akagongana na Lindsay, wote wawili wakaanguka, na Scarfe akaudaka peke yake hewani. Ukiudaka hivyo, unapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Alikuwa mbele ya milingoti, hatua kama hamsini, akiupima upepo unaomjia usoni. Akavuta soksi zake juu, taratibu, akijua kila jicho liko kwake.

Desturi ni kwamba mtu anayemkaba husimama mbele yake wakati wa kupiga. Lindsay hakusimama. Alimsukuma yule kichwa maji asimame pale, yeye akageuka akakimbia kurudi kwenye mstari wa goli.

"Trewin! Rudi kwa mtu wako!" Moyle alipiga kelele kutoka kwenye benchi. "Rudi, mjinga wewe!"

"Anakimbia," mtu mmoja akasema kwenye gari la jirani. "Jamani, Lindsay anamkimbia."

Sikuamini masikio yangu.

Scarfe akapiga. Mpira ulipaa vizuri, ukakutana na upepo, ukaanza kushuka kuelekea mstarini ambapo wachezaji kama kumi walikuwa wamebanana. Mikono ikapanda. Mpira, nilivyouona mimi, ukapita juu ya mikono yote, katikati ya milingoti mirefu, ukadunda mbele ya pikapu yangu.

Jamani, mji ule! Ni kama mtu alikata kamba. Watoto waliruka uzio, mama zao wakawafuata, na wazee wenye fimbo wakazitupa. Ron aliruka, naapa, mguu wake haukugusa hata mbao. Honi zikalia, honi zetu sisi, kwa goli lililotuua! Watu mia kadhaa wakamwendea Scarfe, wakampita Lindsay aliyekuwa ameketi chini karibu na mlingoti, wengine wakamruka. Hakuna aliyemtazama. Wakambeba Scarfe mabegani, akanyoosha mikono juu.

Mimi nililia kwa hasira. Sikuona aibu.

"Noreen," mzee Pfitzner akasema.

"Niache, mzee."

"Noreen. Mtazame refa wa goli."

Nikafuta macho. Refa wa goli, bwana mwembamba mwenye koti jeupe na kofia, alikuwa bado amesimama palepale kwenye mstari. Mikono yake ilikuwa chini. Goli likiingia, yeye hupeperusha bendera mbili. Hakuwa amegusa bendera hata moja.

Refa wa katikati alimjia akisukumana na umati. Wakaongea. Yule wa koti jeupe akanyoosha mkono wake mmoja juu, na kwa mkono wa pili akapiga vidole vyake, mara moja, mara mbili. Umeguswa. Mpira ukiguswa na mkono wa mtu, hata kwa ukucha, si goli tena. Ni pointi moja tu. Akachomoa bendera moja, akaipeperusha.

Honi zikazimika moja baada ya nyingine. Iliyobaki ilikuwa ya gari la daktari, ambaye haoni mbali, nayo mtu akaenda akagonga kioo.

Mji mzima umesimama katikati ya uwanja, mahali usipostahili kuwa, umembeba adui mabegani, na goli halipo. Watu walitazamana. Mama mmoja aliyekuwa ameshika mguu wa Scarfe akauachia kama umemwunguza. Wakamteremsha polepole, naye mdomo wake kwa mara ya kwanza msimu ule ulikuwa wazi bila neno.

"Umeguswa na nani?" mtu akauliza. "Nani kaugusa?"

Lindsay, pale chini kwenye mlingoti, akainua mkono wa kulia.

Kidole chake cha mwisho hakikuwa kinaelekea juu na vingine. Kilikuwa kimelala upande, kimekunjikia nje kutoka kwenye kiungo, mahali ambapo kidole cha binadamu hakikunjiki. Watu waliokuwa karibu walitoa sauti moja. Ron alikuwa mbele kabisa. Alikitazama, akawa mweupe, akakaa chini kwenye nyasi bila kuangalia anakaa wapi.

Scarfe alimsogelea Lindsay akasimama juu yake.

"We jamaa," akasema, "huna kazi nyingine ya kufanya?"

"Sina," Lindsay akasema.

Mhudumu wa timu akaja mbio, akakivuta kile kidole kikalia tak, akakifunga na kile cha jirani yake. Lindsay alikunja uso tu. Na watu wakaanza kutoka uwanjani. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu njia ya kurudi kwenye magari ilipita kwake. Walikuja wakikimbia, sasa walirudi wakitembea, kichwa chini, mmoja mmoja, mbele ya mtu waliyemruka. Kina mama waliwafunika watoto midomo.

Mchezo ukaanza tena. Lindsay mwenyewe alichukua mpira, akaupiga mrefu kutoka mstarini hadi pembeni kabisa, na kabla haujatua king'ora cha mwisho wa mchezo kikalia. Tumeshinda. Tuko fainali.

Hakuna honi. Sitanii, hata moja. Watu walikaa ndani ya magari yao mikono magotini, wamepigwa na butwaa, kila mtu anatazama vioo vya mbele. Moyle alikuwa amesimama kwenye benchi ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Nadhani kila mtu alikuwa anahesabu moyoni: ni Jumamosi ngapi mtu huyu amefanya hivi, na mimi nikiwa ninakula?

Mzee Pfitzner aliinuka kwenye kiti chake. Ana nyonga mbovu, na kwa miaka yote niliyomjua hajawahi kuvuka uzio ule. Akapenya chini yake, akanyoosha mgongo, akaanza kutembea.

Nikamfuata. Nikasikia mlango wa gari nyuma yangu, halafu mwingine, halafu mingi mpaka haihesabiki. Nilipogeuka mji wote ulikuwa nyuma yetu, na safari hii watoto walikuwa wametangulia wakikimbia. Ron naye alikuwemo, anachechemea. Moyle pia, na suti yake ya kung'aa.

Lindsay alikuwa anatembea peke yake kuelekea vyumbani, mkono wake ameushikilia kifuani. Alitusikia. Akageuka, akaona umati mzima unamjia, na hakushangaa hata kidogo. Alisogea pembeni atupishe, akabana mgongo wake kwenye uzio ili watoto wasimkanyage, kisha kwa mkono wake mzima akatuonyesha Scarfe upande wa pili wa uwanja.

"Yuko kule," akatuambia, kwa upole kabisa. "Mmempita."

Tukasimama wote. Watoto waliokuwa mbele walimtazama, wakatutazama sisi wakubwa, wakingoja tuseme kitu.