Tafadhali Tusimame

Kusema kweli, kazi ile ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha mdogo wangu kushika maikrofoni, nikamwonyesha pa kuvuta pumzi na pa kumeza mate. Sasa kiongozi wa nchi amefariki, na mkuu wa redio anamtuma yeye uwanjani kutangaza mazishi. Mimi nikabakizwa studio na kitufe changu, niingie hewani endapo atakwama.

"Sauti yake ina majonzi," mkuu aliniambia.

"Na yangu je?"

"Yako ni ya taarifa ya habari, kaka."

Nilimwonea wivu. Nyumbani nako mama alikuwa ameshawaita majirani waje wamsikie binti yake. Mimi miaka yote nasoma habari, hajawahi kumwita hata mmoja.

Basi nikavaa spika za masikioni, nikaomba ateleze. Ndiyo, niliomba. Alianza vizuri, tena vizuri mno, hadi nikachukia. Alieleza askari walivyokuwa wakitembea taratibu kando ya gari lililobeba jeneza, akaeleza bendera iliyolifunika, na mjane aliyekataa kushikwa mkono. Fundi mitambo, pembeni yangu, akaanza kufuta macho.

"Na wewe vipi?" nikamuuliza. "Mafua?"

Gari lilipofika langoni, mdogo wangu akajisahau. Akatamka maneno yaleyale aliyozoea kuyatamka kwenye kila sherehe, kwa bashasha ileile: "Mheshimiwa Rais anawasili! Tafadhali tusimame."

Mheshimiwa! Mtu yumo ndani ya jeneza, halafu mheshimiwa anawasili! Moyo uliniruka kwa furaha. Nikabonyeza kitufe, sauti yangu, kama yake, ikaenda redioni na kwenye vipaza sauti vya uwanja mzima: "Tunaomba radhi, wasikilizaji. Si mheshimiwa. Ni mwili wa hayati."

Nilipoachia kitufe ndipo nikausikia uwanja. Umati wote ulikuwa umesimama, unapiga makofi na vigelegele kama enzi za uhai wake. Kisha makofi yakafifia, sehemu moja baada ya nyingine, kadiri walivyonielewa. Kikapanda kilio ambacho sijapata kukisikia.

Simu yangu ikaita. Mama.

"Mwanangu, umemsikia mdogo wako? Katurudishia mzee wetu! Hapa tumesimama wote, hata mimi na miguu yangu hii mibovu."

"Nimemsikia, mama."

"Sasa yule asiye na haya aliyemkatiza ni nani? Ungewaona watu hapa walivyokaa chini. Katuulia mtu mara ya pili. Wewe si uko hapo hapo? Ni nani?"

Fundi mitambo alikuwa ananitazama.

"Simjui, mama," nikasema, kwa sauti ya chini, asije akaifananisha.