Ndiyo Afande Atafuta Usajini

Wafungwa walimpa jina la Ndiyo Afande, na yeye mwenyewe alikiri kwamba wasingepata jina la kumfaa zaidi. Katika miaka yote aliyolinda gereza, hakuna mkubwa aliyetoa amri ikamkuta hajaikubali. Mkubwa angesema jua leo limechomoza magharibi, yeye angejibu ndiyo, afande, kisha angegeuka huko kulitazama. Na tabia hiyo hakuiacha getini. Nyumbani mkewe ndiye aliyeamua kipikwe nini, watoto wasome wapi, na mume anyoe ndevu lini, naye alisema ndiyo kwa kila kitu, akilimeza lile neno "afande" kwa taabu.

Kwa hiyo huyu kutaka usajini kilikuwa kichekesho, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Sajini ni msimamizi jamani! Anatoa amri, anakaripia, anakataa. Mara ya kwanza alipojaribu, walimpangia kikosi uwanjani akiongoze gwaride, naye akavuta pumzi akapaza sauti: "Tafadhali, kulia geuka!" Kikosi kizima kilishindwa kugeuka kwa kucheka. Mara ya pili walimuuliza atamfanya nini askari anayechelewa zamu. Akajibu kwamba atamuuliza kwanza kama nyumbani wote ni wazima. Wakamshukuru kwa kufika.

Sasa ilikuwa mara ya mwisho, maana mwakani angekuwa amepita umri wa kupandishwa. Akianguka tena, angebaki askari wa funguo mpaka kustaafu, chini ya Shemeji. Na hapo ndipo palipomuuma. Shemeji alikuwa mdogo wa mkewe. Ndiyo Afande ndiye aliyemtafutia kijana kazi, akamfundisha kufunga mkanda, kushika funguo, hata kupiga saluti. Leo kijana ndiye sajini wa zamu, na siku ya kwanza alipoitwa "shemeji" mbele ya wenzao, alimkata jicho aliyemwita, mpaka mzee wa watu akajihisi mdogo kuliko kofia yake.

"Kazini hakuna shemeji," kijana alisema. "Kuna Sajini."

"Ndiyo, afande," akajibu, na saluti juu. Tangu siku hiyo, kila Shemeji alipokuja kula kwao Jumapili, yeye alikula ameinamia sahani yake tu.

Asubuhi ya usaili mkewe alimnyoosha kola, akamrudisha nyuma kidogo, akamtazama kama anayekagua nguo ya kuazima.

"Leo ukisema ndiyo mahali pasipotakiwa, usirudi hapa."

"Ndiyo, mama watoto."

Mkewe alifumba macho, akamfungulia mlango.

Usaili ulifanyika maktaba, ndani kabisa ya gereza, kwa sababu ukumbi wa maofisa ulikuwa ukipakwa rangi. Na kwa kuwa zamu ya funguo za jengo lile ilikuwa yake, ni yeye huyo huyo aliyewafungulia watu waliokuja kumpima. Kabla hawajafika alikuwa amemleta mfungwa anayetunza vitabu, mzee mmoja mpole waliyemwita Mkutubi, apanguse meza na kupanga viti. Mzee alipanga, akapangusa, akaenda nyuma ya rafu za mwisho kurudishia vitabu. Yeye alibaki akijikumbusha majibu, midomo ikimcheza peke yake, na akili yake haikumrudia tena mzee wa watu.

Ni lazima neno lisemwe hapa juu ya funguo. Mtu aliyezeeka na funguo za gereza hafikiri tena anapokutana na mlango. Mkono unafungua, mwili unapita, mkono unafunga, kisha unavuta kitasa kuhakikisha. Huyu bwana mkono wake ulikuwa umeiva kupita kiasi. Nyumbani aliwahi kumfungia mama mkwe stoo, bibi akiwa ameinama anachagua vitunguu, akaenda zake kazini akipiga mluzi. Tangu hapo funguo za nyumba alikaa nazo mkewe, na mama mkwe haingii stoo bila kumwacha mtu amesimama mlangoni.

Wasaili walikuwa watatu: Mkuu kutoka makao makuu, mtu wa kitambi na sauti nzito, mama mmoja wa ustawi wa wafungwa, na katibu wa kuandika. Yeye alikaa ncha ya kiti, lakini ajabu ni kwamba majibu yalikuja. Alieleza zamu, chakula, ugonjwa, ugomvi. Mkuu akaegemea kiti.

"King'ora kimelia. Maana yake nini?"

"Hesabu ya wafungwa haijatimia, afande. Kila mlango unabaki ulivyo mpaka sajini wa zamu aone kwa macho yake kwamba wote wapo."

"Wewe una funguo. Mkubwa wako anakuamuru ufungue mlango. Utafanya nini?"

"Sifungui, afande."

"Hata nikiwa mimi?"

"Hata ukiwa wewe, afande," akasema, na kifua kikamjaa. Katibu aliandika, mama wa ustawi akatabasamu. Yeye moyoni alijicheka: maneno makubwa hayo, na Mkuu akikohoa tu, yeye mwenyewe atarukia dirishani.

Wakamruhusu aende. Akapiga saluti, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta kitasa, akashika korido akitembea kama mtu aliyekwisha kushonewa tepe begani.

Hajafika mwisho wa korido, king'ora kikalia. Akasimama. Ndipo aliposikia na kishindo kingine, cha ngumi mlangoni, na akautazama mkono wake. Ufunguo wa maktaba ulikuwa bado katikati ya vidole.

"Mama yangu wee," alisema, akarudi mbio.

Mlango ule ulikuwa na kidirisha cha nondo, na ndani ya kidirisha ulikuwa umejaa uso wa Mkuu.

"Nani ametufungia?"

"Mimi, afande. Samahani sana, afande. Ni mkono, afande."

"Fungua!"

"Ndi..." alianza, na ufunguo ulishaingia tunduni. Mkono ukasimama hapo hapo. King'ora kilikuwa kinalia juu ya kichwa chake. Kabla hajajua afanye nini, ndani mama wa ustawi alipiga ukelele. Mkutubi, aliyekuwa amepitiwa na usingizi nyuma ya rafu, alikuwa ameamshwa na king'ora, na kwa adabu zote akatoka akasimama wima kando ya meza yao, mikono ubavuni, kama mfungwa anavyotakiwa kusimama wakati wa hesabu.

"Kuna mfungwa humu!" Mkuu alinguruma. "Fungua upesi!"

"Mkutubi, ni wewe?"

"Naam, afande," sauti ya mzee ilijibu kutoka ndani, kwa upole. "Unisamehe, nililala."

Basi ndiye aliyekuwa anatafutwa gereza zima, na aliyemsahau ni yeye mtahiniwa. Kufungua kulikuwa rahisi mno, alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Angemtoa mzee mbiombio, angemrudisha sehemu yake, na Mkuu angetoka ameridhika. Lakini maneno yake ya dakika zile zile yalikuwa bado mbichi kwenye karatasi ya katibu. Akimfungulia, amejifuta. Asipomfungulia, Mkuu atamfuta. Alimfikiria Shemeji mezani kwake Jumapili baada ya Jumapili mpaka uzee. Akamfikiria mkewe na macho yake yaliyofumbwa. Akaona aibu kweli kweli, aibu ya mtu mzima.

Akauchomoa ufunguo.

"Hapana, afande."

Sauti ilitoka nyembamba, kama si yake. Kwenye kidirisha uso wa Mkuu haukutikisika.

"Umesemaje?"

"Hapana, afande. Tafadhali."

"Unajua ni nani anayetia saini kupanda kwako?"

"Ndiyo, afande. Ni wewe, afande. Hapana, afande."

Akaishika redio ya mkononi akamwita sajini wa zamu: mtu wako yupo maktaba, mlango umefungwa, njoo umwone. Shemeji alifika anahema, kofia mkononi. Kuona uso wa Mkuu nyuma ya nondo, nusura aanguke.

"Fungua bwana!" alimnong'oneza kwa ukali. "Unataka kutumaliza sote? Huyo ni Mkuu!"

"Hesabu kwanza, Sajini. Mwangalie mtu wako."

"Nimekuamuru!"

"Nimesikia. Hapana."

Shemeji alimtazama kama anayeona kabati limesema. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya, alichungulia kidirishani, akamwona Mkutubi, akamtaja kwa redio. Baada ya muda uliomchosha kila mtu king'ora kilikoma. Hapo tu ndipo Ndiyo Afande alipofungua.

Mkuu alitoka, tai ikiwa upande, nyuma yake katibu, kisha mama wa ustawi. Alisimama mbele ya Ndiyo Afande karibu sana.

"Umemsahau mfungwa."

"Ndiyo, afande."

"Umetufungia sisi pamoja naye."

"Ndiyo, afande."

"Kwa hayo utaandikiwa onyo, na ni onyo kali." Kisha akamgeukia Shemeji. "Wewe, Sajini. Ungefungua?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Angeweza kudanganya, lakini redio yake ilikuwa wazi na gereza zima lilikuwa limemsikia.

"Ningefungua, afande."

"Nimeona." Mkuu alinyoosha tai. "Huyu amepita. Katibu, andika. Na mtu asimsimulie mke wangu habari za leo."

Wakaanza kuondoka. Shemeji alibaki nyuma, akaigeuza geuza kofia yake mikononi. Uso wake ulikuwa ule wa siku za mafunzo, wa kijana asiyejua mkanda unafungwaje.

"Hongera, shemeji," alisema, mbele ya watu wote.

Kwa miaka Ndiyo Afande alikuwa ameyatunza maneno ya siku hii. Alikuwa ameyapanga akiwa zamu, akiwa bafuni, akiwa mezani: kazini hakuna shemeji, kijana. Sasa yalifika mpaka ulimini, na hapo machozi yakamtangulia.

"Ndiyo, afande," alisema.

Shemeji alicheka, naye akacheka, wakashikana mikono huku kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake anavyofuta macho. Kisha akaufunga mlango wa maktaba, akavuta kitasa, akaanza kumfuata mwenzake. Tayari aliona mkewe anavyoshangaa, mama mkwe anavyopiga vigelegele.

Nyuma yake mlango ukagongwa, taratibu, kwa adabu.

"Samahani, Afande Sajini," ilisema sauti ya Mkutubi. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kumwita hivyo. "Na mimi je?"