Uvimbe wa Paja la Luhende

Siku sita Kabula alilikanda paja la mwanawe kwa maji ya moto na chumvi, nyumbani kwao Ziba, kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa hadi kikalainika kama pamba. Luhende alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuugua homa ya matumbo, na ule uvimbe, mkubwa kama yai la bata, kila mtu aliuita jipu. Kabula akiuwekea kiganja, aliusikia ukidunda. Akafurahi.

"Linacheza hilo, linaiva. Kesho keshokutwa litapasuka lenyewe."

"Mama, unanichemsha kama kiazi."

"Nyamaza! Mchunga ng'ombe mzima unaogopa maji?"

Uvimbe ukazidi, wakapanda basi hadi Tabora. Hospitalini, Daktari Gerson aligusa mara moja tu, akaondoa mkono.

"Mama, hili si jipu. Ni mshipa mkubwa wa damu. Vijidudu vya ile homa vimeuozesha ukuta wake, ndiyo maana umetuna. Ungepasuka, angekufia mikononi."

Kabula akaificha mikono ndani ya kanga.

Wakamfanyia upasuaji. Walikata kipande kilichooza, wakachukua mshipa wa mguu wa pili, wakaunga. Siku tatu mguu ulikuwa na joto, damu ikipita, na Kabula akamnywesha uji wa ulezi, kijiko kwa kijiko. Siku ya nne pale walipounga pakaachia, damu ikalowesha godoro. Wakamrudisha mbio chumba cha upasuaji, wakaufunga ule mshipa ili asife. Kufika Jumamosi vidole vilikuwa vyeusi.

"Mguu umekufa," daktari alisema. "Tukiuacha, utaondoka naye."

"Usiwakubalie, mama," Luhende akasema. "Nitafuata ng'ombe kwa mguu gani? Wewe umeshanikanda, inatosha."

Jioni homa ikampanda, akawa anaweweseka, hamjui mtu. Karatasi ya kukubali mguu ukatwe wakamletea mama yake. Kabula aliandika jina lake lote, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule ya msingi, asiruke hata moja.

Kesho yake Luhende alizinduka. Akapapasa chini ya shuka. Akapapasa tena, kisha akageukia ukutani.

"Pole mwanangu," Kabula alisema.



Muuguzi Zuena akaja na daftari. "Bibi, mguu mtakwenda kuuzika nyumbani, au tuuzike sisi?"

Kabula akamwinamia mwanawe amuulize. Luhende akavuta shuka, akajifunika hadi kichwani. Zuena akasimama pale, kalamu mkononi, akisubiri.